Mizani ya kupimia maovu ya Hali ya Hatari ilikuwepo tangu hapo

KILA inapowadia Oktoba 20, siku ambayo taifa hili huwaenzi mashujaa wake, mjadala wa zamani hufufuka katika matatu, katika vyumba vya wahariri na katika mabaraza ya wazee. Mmoja atakumbusha mateso yaliyowapata Wakenya katika kambi za kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Mwingine atadakia kwamba hayo yalikuwa mambo ya zama zile, kwamba vita havina macho, na kwamba si haki kumhukumu mtu wa 1952 kwa maadili ya leo.

Aghalabu mazungumzo hukomea hapo, kwa kuwa hoja hiyo ya pili ina sura ya busara. Nayo kwa hakika ina busara ndani yake. Mtu huzaliwa katika wakati asiouchagua, akalelewa kwa desturi asizozitunga, na wajukuu wetu nao huenda wakashangazwa na mengi tunayoyaona leo kuwa ya kawaida. Hata hivyo, kabla ya kuikubali hoja hiyo, yapasa kuuliza swali moja ambalo husahauliwa: je, maadili tunayoyaita ya leo ni ya leo kweli? Ama yalikuwepo wakati uo huo, yakajulikana na wahusika, kisha yakavunjwa kwa makusudi?

Historia ya Kenya ni mahali pazuri pa kulijibu swali hilo, kwa sababu ushahidi wake umehifadhiwa kwa maandishi, tena maandishi ya watawala wenyewe.

Itakumbukwa kwamba Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 20, 1952, ili kuzima harakati za Mau Mau zilizochochewa hasa na unyakuzi wa ardhi. Hali hiyo iliendelea hadi Januari 1960. Katika kipindi hicho makumi ya maelfu ya watu waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na zaidi ya watu milioni moja wakahamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Wanahistoria wamehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa amri ya mahakama. Kwa upande wao, wapiganaji wa Mau Mau waliwaua walowezi 32 pamoja na Waafrika zaidi ya 1,800 wasiokuwa askari.

Yaliyobadilika kweli

Tuanze kwa kukiri kwamba yapo mambo ambayo mizani yake imebadilika. Adhabu ya viboko mahakamani ilikuwa halali nchini Kenya hata baada ya uhuru, na haikufutwa hadi 2003. Hukumu ya kifo ilikuwepo Uingereza kwenyewe. Adhabu hiyo kwa kosa la mauaji ilisitishwa huko 1965. Hapa kwetu ingali katika vitabu vya sheria, ingawa hakuna aliyenyongwa tangu 1987. Kwa hivyo, mtu akidai kwamba jaji wa 1954 alikuwa mhalifu kwa sababu tu ya kutoa hukumu ya kifo, atakuwa amempima kwa mizani ambayo jaji huyo hakuwa nayo.

Vivyo hivyo kuhusu sheria za vita. Mpiganaji wa msituni aliyekamatwa 1953 hakutambuliwa kuwa mateka wa vita. Ilipofika 1977 ndipo itifaki ya ziada ya Mikataba ya Geneva ilipowahesabu wanaopigana dhidi ya utawala wa kikoloni kuwa wapiganaji wenye haki za mateka. Hatuwezi kumshtaki afisa wa 1953 kwa kuvunja mkataba wa 1977.

Lakini hata hapa tahadhari inahitajika. Uingereza ilikuwa imefuta adhabu ya viboko mahakamani kwa raia wake mnamo 1948, ilhali iliendelea kuwachapa watu wa makoloni. Isitoshe, walio wengi miongoni mwa wale 1,090 hawakunyongwa kwa kosa la kuua. Walinyongwa kwa kupatikana na silaha au risasi, kwa kulisha watu kiapo, au kwa kuandamana na wapiganaji. Kwa makosa ya aina hiyo, raia wa London hangenyongwa. Basi tofauti iliyokuwepo haikuwa kati ya zama zile na zama hizi pekee. Ilikuwa pia tofauti kati ya mtu wa huku na mtu wa kule, wote wakiishi mwaka mmoja chini ya taji moja.

Sheria ilisema nini?

Baada ya kuyatenga hayo, yabaki mambo mazito zaidi: kupiga mahabusu hadi kuua, kuhasi, kudhalilisha wanawake, kulazimisha watu kazi kwa mjeledi. Je, haya yalikuwa halali wakati huo?

La, hasha. Kumpiga na kumjeruhi mtu kulikuwa kosa katika sheria za koloni lenyewe. Mkataba wa kimataifa dhidi ya kazi ya shuruti ulipitishwa 1930, na Uingereza ikauridhia mwaka uliofuata. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ulitiwa saini 1950, na Uingereza yenyewe ikatangaza Oktoba 1953 kwamba unatumika pia katika makoloni yake, Kenya ikiwemo. Mkataba huo huruhusu serikali kusimamisha baadhi ya haki wakati wa dharura, na serikali ya London ilikitumia kibali hicho. Lakini marufuku ya mateso haimo katika haki zinazoweza kusimamishwa. Iliachwa nje kwa makusudi na watu waliokuwa wametoka kushuhudia maovu ya Vita vya Pili vya Dunia.

Fauka ya hayo, mjini Nuremberg, katika miaka ya 1945 na 1946, majaji na waendesha mashtaka wa Uingereza walikuwa miongoni mwa waliowahukumu viongozi wa Ujerumani ya Hitler, wakakataa utetezi wa kwamba mtu alitekeleza tu amri za wakubwa wake. Miaka sita tu ilipita kati ya hukumu hiyo na kutangazwa kwa Hali ya Hatari. Afisa aliyekuwa na umri wa miaka 35 alipowasili Nairobi alikuwa mtu mzima alipozisikia habari za Nuremberg redioni. Hawezi kutetewa kwamba dunia ilikuwa haijazinduka.

Waliopinga palepale

Ishara ya pili ya kuwepo kwa mizani ni watu walioitumia. Zama ambazo jambo fulani halijulikani kuwa baya, hakuna anayelilalamikia. Nchini Kenya walalamikaji walikuwepo, tena si wachache.

Jenerali George Erskine, aliyewasili kuongoza majeshi Juni 1953, mara moja aliwaandikia maafisa wake akilaani tabia ya kuwapiga wananchi na akataka nidhamu. Kapteni mmoja Mwingereza aliyehudumu katika King's African Rifles alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na 1954 akafungwa miaka mitano kwa ukatili dhidi ya wafungwa. Mwaka huohuo Kanali Arthur Young, mkuu wa polisi wa kitovu cha London, aliletwa kuongoza polisi wa Kenya. Alipoona kwamba wakubwa wa utawala wanazuia uchunguzi wa maovu ya homugadi, au ngati kama walivyoitwa na wananchi, alijiuzulu kabla mwaka haujaisha. Barua yake ya kujiuzulu haikuchapishwa na serikali.

Mwaka wa 1956 Eileen Fletcher, mwanamke wa madhehebu ya Quaker aliyekuwa ameajiriwa katika mpango wa kuwarekebisha mahabusu, alirudi kwao akaeleza hadharani aliyoyaona, yakiwemo mateso ya wasichana wadogo waliofungwa jela. Bungeni, Barbara Castle wa chama cha Labour aliisumbua serikali mwaka baada ya mwaka.

Kisha yakatokea ya Hola. Mnamo Machi 3, 1959, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa katika kambi hiyo iliyoko Tana River, baada ya kukataa kufanya kazi ya kuchimba mtaro. Mpango wa kuwalazimisha kwa nguvu ulikuwa umeandikwa na kuidhinishwa na wakubwa. Suala hilo lilipojadiliwa katika Bunge la Uingereza Julai 1959, hotuba iliyotia fora haikutoka kwa mpinzani. Ilitoka kwa Enoch Powell wa chama tawala cha Conservative, ambaye alishikilia kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Waafrika, kingine kwa watu wa Asia na kingine nyumbani kwake. Huyu Powell hakuwa mtetezi wa watu weusi. 1968 alipata sifa mbaya kwa hotuba yake dhidi ya wahamiaji. Ikiwa mtu wa aina hiyo aliuona uovu wa Hola ndani ya miezi mitano, ni vigumu kudai kwamba macho ya kuuona yalikuwa hayajazaliwa.

Aliyejua ndiye afichaye

Ushahidi mzito kuliko wote hautoki kwa waliopinga. Watoka kwa waliotenda.

Juni 1957, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kuhusu jinsi mahabusu wakaidi wangeweza kupigwa katika kambi za Mwea bila kuiingiza serikali matatani. Alieleza kwa utulivu viungo visivyofaa kupigwa, yakiwemo maini, figo na wengu. Akaongeza kwamba iwapo itawabidi kutenda dhambi, basi waitende kimyakimya. Msomaji na alipime neno hilo. Hakuandika kwamba jambo hilo ni halali, wala kwamba ni desturi ya wakati wake. Aliliita dhambi. Katika barua nyingine alikuwa amefananisha hali ya kambi na yale ya Ujerumani ya Wanazi na Urusi ya Wakomunisti. Mizani alikuwa nayo mkononi. Alichotafuta ni pazia.

Mapazia yalikuwa mengi. Baada ya vifo vya Hola, taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Njia ya mwongo ni fupi: uchunguzi wa vifo ulionyesha kuwa waliuawa na kipigo. Hakuna aliyeshtakiwa, na hata jina la mahali likabadilishwa kuwa Galole. Mkesha wa uhuru, 1963, takribani faili 1,500 zilisafirishwa kwa siri hadi Uingereza, na serikali ya huko haikukiri kuwa nazo hadi 2011.

Ipo pia hatua ya Januari 1955, ambapo Baring alitangaza msamaha kwa pande zote mbili. Wapiganaji waliojisalimisha hawangekabiliwa na kitanzi, nao homugadi hawangeshtakiwa kwa makosa yao ya nyuma. Hasamehewi asiyekosa. Serikali iliyotoa msamaha kwa askari wake ilikuwa imekwisha kukiri kwamba kuna la kusamehe.

Maadili ya nani?

Kuna kasoro nyingine katika usemi wa "watu wa zama zile". Anayeutumia husahau kwamba mahabusu nao walikuwa watu wa zama zile.

J.M. Kariuki, ambaye baadaye alikuwa mbunge mashuhuri, alipitia kambi nyingi, na katika kitabu alichochapisha 1963 alieleza jinsi yeye na wenzake walivyoandika barua za malalamiko na kuzipenyeza nje, na jinsi alivyopigwa kwa kufanya hivyo. Watu wale, kwa penseli na karatasi za kuokoteza, walitaja haki zao na kudai zilindwe. Hawakungoja wanahistoria wa karne ya 21 wawafundishe kwamba wanaonewa. Tukisema kwamba zama zile hazikujua, tutakuwa tumehesabu dhamiri za walioshika kiboko na kuziacha za waliochapwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Lari nayo ipimwe

Mizani ya haki haina upande. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia makazi ya Lari, wakachoma nyumba za watu waliohesabiwa kuwa vibaraka wa mkoloni. Zaidi ya watu 70 waliangamia, wengi wao wanawake na watoto. Mzizi wa chuki ulikuwa ardhi: Luka wa Kahangara, aliyekuwa chifu, alikubali pamoja na wafuasi wake kuhamishwa kutoka Tigoni na kupewa ardhi Lari ambayo wengine waliihesabu kuwa yao.

Serikali iliwaita wanahabari waje waone. Haikuwaonyesha yaliyofuata, pale askari na homugadi walipolipiza kisasi kwa kuwaua watu wengi, wengi wao bila kesi wala ushahidi. Lakini kuficha kwa mkoloni kisasi chake hakuwasafishi walioanza. Mtu hahitaji kungoja karne hii ili ajue kwamba kumchoma mtoto ndani ya nyumba ya mamake ni uovu. Kumbukumbu za waliokuwa wapiganaji zinaonyesha kwamba hata msituni kulikuwa na kanuni, na waliozivunja waliadhibiwa. Anayelia kwa ajili ya Hola akanyamaza kuhusu Lari ana mizani yenye jiwe chini ya kikombe kimoja.

Tendo na mtenda

Ni wapi basi hoja ya "zama zile" inapofaa? Inafaa tunapohama kutoka kulihukumu tendo hadi kumhukumu mtenda. Kumpiga mahabusu hadi afe kulikuwa uovu 1959, na ni uovu leo. Lakini lawama haigawanywi sawa. Kijana wa miaka 20 aliyejiunga na homugadi baada ya babake kuuawa, akiogopa pande zote mbili, hayuko katika safu moja na mwanasheria msomi aliyekaa ofisini Nairobi akitafuta maneno ya kuuhalalisha mjeledi. Huyu wa kwanza tunamwangalia kwa huruma hata tukilikataa tendo lake. Huyu wa pili alikuwa na elimu, nafasi na uwezo wa kusema la.

Aidha, tusichanganye hukumu ya maadili na hukumu ya mahakama. Kesi iliyowasilishwa London 2009 na Wakenya watano walioteswa iliruhusiwa kuendelea kwa sababu hati zilizokuwepo zilitosha kuiwezesha mahakama kusikiza pande zote kwa haki. Juni 6, 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza majuto na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228, pasipo serikali yake kukubali dhima kisheria. Kesi nyingine ya walalamishi zaidi ya 40,000 ilitupiliwa mbali 2018. Muda ulikuwa umekula mashahidi na kumbukumbu. Kushindwa kwa kesi hiyo hakumaanishi kwamba wema na uovu hubadilika kila baada ya miaka 60. Kunamaanisha tu kwamba ushahidi huzeeka. Mfalme Charles III alipozuru Nairobi Oktoba 2023, alisema maovu hayo hayana udhuru, ingawa hakuomba msamaha rasmi. Neno hilo "hayana udhuru" ndilo jibu kwa wanaosingizia zama.

Mzigo wetu

Lililobaki ni letu wenyewe, na pengine hapa ndipo penye uzito zaidi. Baada ya uhuru tuliambiwa tusahau. Mzee Jomo Kenyatta aliifananisha Mau Mau na ugonjwa uliokwisha kutibiwa na usiofaa kukumbukwa tena, na marufuku dhidi ya kundi hilo haikuondolewa hadi 2003. Usahaulifu huo ulikuwa na bei yake.

Kati ya 1963 na 1967 serikali ya Kenya huru ilipigana na mashifta kaskazini mwa nchi. Wananchi walikusanywa tena katika vijiji vilivyolindwa, mifugo yao ikatwaliwa, na raia wakauawa. Mnamo 1970 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa dhidi ya mashtaka kwa waliyoyatenda kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Lamu na Tana River.

Naam, Tana River, wilaya iyo hiyo ya Hola. Mahali ambapo mkoloni aliua kisha akaficha, sisi wenyewe, miaka 11 baadaye, tuliandika sheria ya kuwazuia waliodhulumiwa wasidai haki. Wabunge waliopiga kura hiyo hawakuwa watu wa zama za giza. Wengi walikuwa watu wazima Hola ilipotokea, na walijua vyema jinsi damu ile ilivyoliliwa ulimwenguni.

Ndiyo sababu swali la mizani si la wasomi pekee. Tukikubali kwamba mkoloni asihukumiwe kwa kuwa zama zake zilikuwa zake, tutakuwa tumejitengenezea udhuru sisi pia, kwa ya kaskazini, na kwa yatakayotendwa kesho kwa jina la usalama. Tukiukataa udhuru huo kwake, hatuna budi kuukataa kwetu.

Wahenga walinena kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii hutumiwa kuwanyamazisha wanaokumbuka. Lakini mganga asiyeuliza ugonjwa ulianzaje atagangaje? Yaliyotendwa Mwea, Hola, Lari na kaskazini yalijulikana kuwa maovu siku yalipotendwa. Kuyaita hivyo leo si kuwaonea waliokufa. Ni kuyarudia maneno ambayo wenzao waliwaambia wakiwa hai, nao wakakataa kuyasikia.